Shingo ya Mwenyekiti

Sehemu ya Tisa

"Rudia ulichosema," Mwenyekiti Gregory alitamka kutoka jukwaani. "Wazee wa mbele hawakusikia."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama mwanamke aliyesimama safu ya nyuma. Hapo ndipo tulipomwacha Anisia wiki iliyopita, mikono kiunoni, sauti yake ikiwa ndiyo kwanza imetoka.

"Nimesema nadai pambano la heshima," Anisia alirudia. "Na wewe. Leo hii, kabla ya kura."

Minong'ono ilitambaa kama moto wa majani makavu.

Wewe uliyechelewa kupanda safari hii, sikiliza haraka. Baraza la Karate la Taifa lilikuwa na desturi yake. Siku ya uchaguzi, mwanachama yeyote mwenye mkanda mweusi aliruhusiwa kumwita mgombea mkekani, ili wajumbe waone kama anayetaka kuwaongoza bado anaujua mchezo. Miaka yote walioitana walikuwa marafiki. Walirushiana mateke mawili matatu ya kupendeza, wakakumbatiana, watu wakapiga makofi na kwenda kula pilau.

Anisia hakuja Shinyanga kukumbatiana na mtu.

Mwaka sabini na sita, mdogo wake Marselino alishindana na huyu huyu Gregory katika majaribio ya kuchagua timu ya taifa. Majaribio yalifanyika milango imefungwa, ndani ya ghala la pamba, mbele ya wakubwa wachache. Marselino alimshinda. Mwamuzi akatamka "yame", neno la kusimamisha pambano. Kijana akainama kutoa heshima kama alivyofundishwa, na Gregory akamtandika teke la shingo akiwa bado ameinama.

Tangu siku hiyo Marselino hakusimama tena wala kutamka neno. Alilala kwao Ushirombo, mama yao Scolastika akimlisha uji kwa kijiko kama mtoto mchanga. Baraza likatangaza kwamba kijana aliingia mkekani amelewa, akaanguka mwenyewe. Marselino, ambaye hata pombe ya harusi alikuwa akiipitisha kwa jirani.

Anisia aliupata ukweli machoni mwa mdogo wake. Aliketi kando ya kitanda akamtajia jina la Gregory, na Marselino akafumba macho, akayafumbua, machozi yakamtiririka hadi masikioni. Hakutaka shahidi mwingine. Akaenda zake Rwamgasa, akaingia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu, pamoja na wanaume, mchana akiponda mawe, jioni akiwafundisha wachimbaji karate. Sasa ulikuwa mwaka themanini na tatu, na klabu yake ilikuwa kubwa kuliko zote Kanda ya Ziwa.

Miaka saba aliitazama shingo moja tu katika ndoto zake. Na shingo hiyo ilikuwa pale jukwaani, ndani ya kola nyeupe iliyopigwa pasi.

Gregory alitabasamu.

"Nimekubali," alisema. "Ila mwamuzi nitamchagua mimi. Awe Mwalimu Fazal."

Minong'ono ikafa. Fazal alikuwa na duka la vitenge mtaa wa Kambarage. Ndiye aliyewafundisha karate wote wawili, Gregory na Marselino. Ndiye pia aliyekuwa mwamuzi siku ile ghalani, akaliambia Baraza kwamba aligeuka kukohoa, hakuona kitu.

Mzee alisimama polepole, mkono ukitafuta mgongo wa kiti. Hakumtazama Anisia.

*

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa stoo ya viti vibovu. Anisia alikuwa akifunga mkanda wake mlango ulipogongwa. Aliingia mama mmoja mnene, mtandio wa kijani kichwani, pumzi zikimpaa. Alikuwa Sherbanu, mke wa Fazal.

"Shikamoo, Mama Anar," Anisia alisema bila kuinua uso.

"Marahaba, mwanangu. Sina muda. Mume wangu hajui kama nimekuja."

"Kama umekuja kumwombea Gregory, rudi."

"Nimwombee yule?" Sherbanu alivuta kiti chenye miguu mitatu, akaona hakikaliki, akasimama. "Siku ile mimi ndiye niliyepeleka chai ghalani. Nilikuwa mlangoni na sinia. Niliona."

Mikono ya Anisia ilikoma kwenye fundo la mkanda.

"Na ukanyamaza."

"Ilikuwa Operesheni Maduka, mwanangu. Maduka ya watu yanafungwa kila mtaa. Gregory alikuja akakaa kwenye kaunta yetu, akamwambia Fazal, neno moja tu nikisema mimi, kesho unalala nje na binti yako Anar. Unataka kunitukana, nitukane baadaye. Sasa nisikilize. Yule mtu hakumpiga ndugu yako kwa hasira za mchezo. Alimngoja. Mtu akimshinda, hawezi kumwona anainama kwa amani. Kuna kitu kinampanda. Nimemwona akiwafanyia hivyo hata watoto wa darasani."

"Kwa nini unaniambia haya?"

"Kwa sababu wewe umekuja na hasira yako tu. Na hasira yako anaijua, ndiyo maana amekubali haraka."

Mlango ukafunguliwa tena. Safari hii alikuwa Maduhu.

Maduhu alikuwa Msukuma wa Kahama, mrefu, mcheshi, mpinzani wa Gregory katika kiti cha uenyekiti. Kura zote za wachimbaji zilikuwa zake, maana Anisia ndiye aliyemzungusha kila klabu akimnadi. Sherbanu alijifunika mtandio vizuri, akapita pembeni yake, akatoka.

"Alitaka nini?" Maduhu aliuliza.

"Kunitia moyo."

Maduhu alimshika mabega. "Dada, leo ni leo. Usimwonee huruma. Nikikalia kiti kile, kazi yangu ya kwanza ni kesi ya Marselino. Inafunguliwa upya, mbele ya watu wote. Nimeapa."

"Najua umeapa."

"Basi nenda kamvunje."

*

Mkeka ulitandikwa katikati ya ukumbi, wajumbe wakauzunguka. Mlangoni walisimama askari wawili. Gregory aliwaomba kituoni asubuhi ile ile, kana kwamba alijua.

Fazal alisimama kati ya Anisia na Gregory. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Anzeni," alisema.

Gregory alikuwa mzito na mrefu, na hakuwa mjinga. Teke lake la kwanza lilipita karibu na sikio la Anisia, akahisi upepo wake. La pili lilimpata ubavuni. Alirudi nyuma hatua kadhaa, maumivu yakimtia chumvi kinywani.

"Ulikuwa unaponda mawe," Gregory alimnong'oneza walipokaribiana. "Ungebaki huko huko."

Mwamba wa Rwamgasa humfundisha mtu jambo moja: usiupige palipo pagumu, tafuta ufa. Ufa wa Gregory ulikuwa mguu wa kushoto. Kila alipotaka kupiga, kisigino chake kilinyanyuka kidogo kabla ya mwili.

Kikanyanyuka. Anisia aliingia chini, akaufagia mguu uliobaki, na Mwenyekiti wa Baraza la Karate la Taifa akaanguka chali mbele ya wapiga kura wake. Ngumi ya Anisia ikasimama juu ya pua yake, karibu kuigusa.

"Yame," Fazal alisema. Sauti yake ilipasuka.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Wachimbaji waligonga viti.

Gregory aliinuka. Alijikung'uta nguo, akamkabili Anisia, na badala ya kukasirika akainama. Aliinama taratibu, chini kabisa. Shingo yake yote ikawa wazi, nene, inameremeta jasho.

"Piga," alinong'ona akitazama mkeka. "Ndiyo uliyoifuata, si ndiyo? Askari wako mlangoni. Klabu yako itafutwa, kura zenu zitafutwa, wewe utalala ndani. Piga, kama kweli unampenda mdogo wako."

Mguu wa Anisia ulikuwa umekwisha kunyanyuka. Hakujua umenyanyuka saa ngapi. Miaka saba yote ilikuwa imejaa katika kisigino kile. Aliona kitanda cha Ushirombo, kijiko, uji ukichuruzika kidevuni. Ilibaki kuachia tu.

Makofi yalikatika.

Akaushusha mguu.

Asikudanganye mtu, msomaji, hakuushusha kwa huruma. Aliushusha kwa sababu aliona Gregory anautaka.

Akakumbuka alichoambiwa na mke wa Fazal. Akarudi hatua moja, akaweka mikono mapajani, akainama yeye. Aliinama kwa utulivu kama mtu aliye kanisani, shingo mbele, macho chini. Akangoja.

Alisikia pumzi ya Gregory ikibadilika. Alisikia Fazal akisema, "Gregory, hapana." Halafu akakiona kivuli cha kisigino cha kushoto kikinyanyuka kwenye mkeka.

Teke lilikuja lile lile la ghalani. Anisia alilipokea kwa mikono miwili, akaukumbatia ule mguu begani, akageuka na mwili wake wote.

Mlio wa mfupa ulisikika hadi safu ya nyuma.

Gregory hakupiga kelele mara moja. Aliutazama mguu wake kwanza, ulivyokaa upande usio wake, ndipo akapiga kelele.

Askari mmoja alipiga hatua kuingia mkekani. Mwenzake mzee akamshika mkono. "Acha," alisema. "Mimi nimeona aliyeanza. Kila mtu ameona."

Fazal alikuwa amepiga magoti, uso mikononi. "Ndivyo alivyofanya," alikuwa akisema, hajui anamwambia nani. "Ndivyo ndivyo alivyofanya siku ile."

Anisia alisimama juu ya Gregory, akingojea furaha. Ilikuja kidogo, moto kifuani kama kinywaji kikali. Ikamtosha kwa wakati ule.

*

Walimbeba Gregory juu ya benchi kungojea gari la hospitali. Anisia alipopita kuelekea nje kuvuta hewa, mkono ukamkamata upindo wa suruali.

"Umeshinda," Gregory alisema. Jasho lilikuwa limemlowesha uso mzima. "Mguu ni haki yako. Sikudai."

"Niachie."

"Swali moja tu. Mimi mwaka ule nilikwenda na timu ya taifa?"

Anisia alikumbuka. Gregory hakwenda. Alikuwa ameshindwa, hakuna aliyeweza kumpeleka.

"Nani alikwenda badala ya Marselino?"

Ukumbini walikuwa wakipiga kura kwa kunyoosha mikono. Jina lililokuwa likiitwa lilikuwa la Maduhu.

"Maduhu alikuwa wa akiba," Anisia alisema. "Alichukuliwa kwa sababu Marselino aliumia. Aliondoka akilia, mimi nilimsindikiza stesheni."

"Alilia?" Gregory alijaribu kucheka, maumivu yakamkatiza. "Yeye aliitaka safari, mimi nilikitaka kiti. Tukapeana. Mimi nimwondoe kijana njiani, yeye aniletee kura za Kahama na Geita. Mwaka huu akaona kiti nacho anakiweza, na akakupata wewe wa kunivunja bure. Kikulacho, mama."

"Unasema uongo kwa sababu umeanguka."

"Basi ingia ndani ukamsikilize. Usiniamini mimi, msikilize yeye."

Gari lilifika, wakamwinua na benchi lake.

Anisia alirudi ukumbini. Maduhu alikuwa tayari jukwaani, mikono juu, uso unang'aa. Wachimbaji wa Rwamgasa walikuwa wakiimba. Mama Sherbanu alikuwa amesimama katikati ya wanaume, mtandio umemwanguka mabegani.

"Bwana Mwenyekiti," alikuwa akisema. "Mimi niliona yaliyompata Marselino. Nataka kusema mbele ya Baraza. Ni leo au sisemi tena."

Maduhu alimtazama kwa upole. Kisha akauinua mkono kutuliza ukumbi.

"Mama yangu, tumekuheshimu," alisema. "Lakini jambo la Marselino limekwisha leo, mbele ya macho yenu, kwa mguu wa Gregory. Tusifukue makaburi. Baraza langu linatazama mbele."

Watu wakapiga makofi. Walikuwa na njaa, na maneno yalikuwa matamu.

Anisia alisimama mlangoni. Miaka yote alimtajia mdogo wake jina moja tu. La pili hakuwahi kulitaja.

Alihisi kitu kikishuka ndani yake, kizito na baridi kuliko hasira. Akarekebisha mkanda, akapita katikati ya watu hadi jukwaani, akampa Maduhu mkono.

"Hongera, Mwenyekiti."

"Yetu sote, dada. Usinielewe vibaya kwa yale niliyosema. Siasa tu."

"Nimeelewa. Nina ombi moja." Hakuuachia ule mkono. "Twende Ushirombo ukamsalimie Marselino. Hujamwona tangu aumie. Hawezi kusema, ila macho yake yanasema. Nataka nione atakavyokutazama."

Kiganja cha Maduhu kilishtuka ndani ya mkono wake, kikataka kutoka, kikatulia.

Alifikiri kidogo tu. Kisha akatabasamu lile tabasamu lililomletea kura.

"Kwa nini tungoje? Landrova ya Baraza iko nje na petroli imejaa. Twende sasa hivi."

*

Waliipita Tinde, wakaipita Isaka. Maduhu aliongea njia nzima, habari za mikeka mipya, mashindano ya Mwanza, safari za nje. Maduhu alikaa katikati, kando ya dereva; Anisia alikaa dirishani, akijibu moja moja. Alikuwa akiitazama shingo ya Maduhu.

Kagongwa, Maduhu alimwambia dereva ashuke akatafute chakula. Dereva alipokwisha kupotea kati ya magunia ya mpunga, Maduhu aliteleza kwenye usukani, akawasha gari, akaondoka.

"Tumemwacha mtu," Anisia alisema.

"Atapata lifti."

Hakushika njia ya Kahama. Aliingia njia ya ng'ombe iliyokatiza kwenye majaruba, maji ya mpunga yakimeremeta kulia na kushoto, akasimama mahali pasipo na nyumba. Injini akaiacha ikinguruma.

"Gregory amekwambia nini?"

"Ya kutosha."

Maduhu alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari za msiba wa mbali. "Sikumtuma amlemaze. Nilisema amtegue mguu, akose safari. Yule mnyama akaenda shingoni. Mimi nimeishi na jambo lile, dada, wewe hujui."

"Utamwambia mwenyewe. Twende Ushirombo."

"Marselino hayuko Ushirombo."

Anisia alimgeukia taratibu.

"Juzi watu wangu walimchukua," Maduhu alisema. "Tulimwambia mama yako tunampeleka hospitali kubwa, Baraza litalipa. Alitubariki. Alitufungia na viazi vya njiani." Alifuta usukani kwa kidole. "Nilijua siku moja ungefika hapa ulipofika. Sasa sikia. Mke wa Fazal atasema aliota. Wewe utawarudisha watu wako kwenye maduara yao, na jina la mdogo wako hutalitaja tena mkutanoni. Ukikubali, atarudi kitandani kwake. Ni hilo tu."

Anisia hakulia, wala hakumtukana. Alinyoosha mkono mbele ya kifua cha Maduhu, akazungusha ufunguo. Injini ikazimika. Akauchomoa, na kabla Maduhu hajamkamata kiwiko, akaurusha dirishani. Ulitua katikati ya jaruba, maji yakafunga juu yake bila alama.

"Basi hakuna anayekwenda popote," alisema, "mpaka uniambie yuko wapi."

Alimwona Maduhu akibadilika rangi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameogopa, na hofu ile ikamtisha Anisia kuliko kitisho chochote.

"Hujui ulichofanya," Maduhu alisema kwa sauti ndogo. "Yuko peke yake. Kwenye duara la zamani, lililoachwa, huko Rwamgasa. Walinzi nimewaambia waondoke leo mchana, wasinione nikija. Anangoja mimi nimpe maji."

Nje, upepo ulipita juu ya mpunga. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa Geita.

Wakatazamana. Kisha wote wawili, kwa pamoja, wakafungua milango na kuruka ndani ya matope kuutafuta ufunguo.